Miezi Mitatu ya Mtoto Aliyeachwa kwa Bibi

Kila Januari, sikukuu zikiisha, stendi ya mabasi ya Mbeya hujaa wazazi wanaorudi kwenye shughuli zao Dar es Salaam, Tunduma au Dodoma baada ya kuwaacha watoto kwa bibi zao Rungwe, Ileje, Makete na kwingineko. Ahadi huwa ile ile: "Nitarudi baada ya miezi mitatu." Mzazi anayesema hivyo hadanganyi. Kichwani mwake anaiona Februari, Machi, Aprili, anaiona Pasaka na nauli yake. Mtoto wa miaka minne au mitano anayeambiwa maneno hayo hapewi kitu anachoweza kukishika. Anajua tu kwamba mama kaondoka na kwamba kasema neno fulani kuhusu kurudi.

Nadhani hapo pana tatizo ambalo hatulizungumzi vya kutosha. Watu wazima tunawawekea watoto ahadi, adhabu na ratiba kwa kipimo ambacho hawana. Wakishindwa kuvumilia, tunasema wanadeka.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd cha Budapest, nchini Hungaria, walichapisha utafiti mdogo wenye jambo kubwa ndani yake. Walikuwa na washiriki 138 wa makundi matatu: watoto wa chekechea wa miaka minne na mitano, wanafunzi wa miaka tisa na kumi, na watu wazima. Kila mmoja alioneshwa vipande viwili vya katuni, kila kimoja cha dakika moja. Kimoja kilijaa matukio, polisi anaokoa wanyama na kumkamata mwizi. Kingine kilikuwa kimepoa: wafungwa wanatoroka kwa mashua, wanapiga makasia, wanaendelea kupiga makasia, basi. Kisha wakaulizwa kipi kilikuwa kirefu zaidi.

Zaidi ya theluthi mbili ya wale wadogo walitaja kile cha matukio. Robo tatu ya watu wazima walitaja kile kilichopoa. Wale wa miaka tisa na kumi walielekea kwa watu wazima, ingawa si kwa nguvu ile ile. Kwa makadirio ya watafiti, mgeuko huo hutokea karibu na umri wa miaka saba.

Dakika ni ile ile, lakini majibu yamepinduka kabisa. Maelezo yao ni kwamba mtoto mdogo akiulizwa kipi kirefu, hujibu kwa kuangalia kipi ana mengi ya kusimulia. Polisi, wanyama, mwizi: ni mengi, kwa hiyo ni marefu. Mtu mzima ana mazoea mengine. Ameshajifunza kwamba muda upo peke yake, unakwenda hata pasipotokea kitu, na kila anapokosa la kutazama huuchungulia muda wenyewe. Anavyouchungulia ndivyo unavyorefuka.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu pale Uyole, siku viazi vinashuka kutoka Uporoto. Mama mmoja alikuwa ameketi na sado zake akingoja mzigo, na kando yake, juu ya kiroba kitupu, kijana wake wa kama miaka mitano, amevaa sweta ya shule ya kijani iliyomzidi mikono. Palipokuwa kimya aliuliza mara kwa mara, "Mama, tunaondoka?" na mama akajibu kila mara, "Bado kidogo, baba." Fuso lilipofika maswali yakakatika. Makuli walipanda, lumbesa zikaanza kushuka, moja ikapasuka karibu na tairi na viazi vikatawanyika hadi kwenye mtaro. Mtoto aliingia kazini bila kutumwa, anakimbiza viazi, anavijaza kwenye pindo la sweta, anavimwaga kwenye ndoo, anarudi tena. Fuso likaondoka. Baadaye kidogo akaja shangazi yake kutoka Igawilo, akamsalimu, akamuuliza kama wamefika muda mrefu. Mtoto akasema, "Shikamoo shangazi. Sisi tumekaa sana! Gari limekuja, gunia likapasuka, viazi vikaingia mtaroni, mimi nikaviokota, yule mkaka akasema mimi ni kuli." Mama yake akacheka: "Muongo huyu, hata saa moja haijaisha."

Hakuwa muongo. Aliulizwa urefu, akautoa kwa njia aliyonayo, tena akautoa pamoja na ushahidi wake wote. Mama naye alikuwa sahihi kwa njia yake. Kwake ile nusu saa ya fuso ilipita haraka kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, na sehemu aliyoiona ndefu ni ile ya kukaa na sado tupu.

Msomaji makini atauliza: kama mtoto huona muda wenye matukio ndio mrefu, mbona palipokuwa kimya ndipo alipolalamika? Hapa tutenganishe mambo mawili tunayoyachanganya kila siku. Kuna muda unaousubiri na kuna muda unaoukumbuka. Unaposubiri, umakini wako wote umeelekea kwenye kile ambacho hakijafika, na hilo humrefushia muda mtu wa umri wowote. Ukikaa benchi la zahanati unalijua. Unapokumbuka, unarudi kuhesabu kilichomo. Mtoto mdogo anaumia katika lile la kwanza kuliko sisi, kwa kuwa bado hajaweza kuuondoa umakini wake kwa hiari na kuupeleka kwingine, na haoni mwisho wa kusubiri uko wapi. Mama wa Uyole alikuwa anajua fuso limeshapita Isyonje. Mtoto hakujua lolote isipokuwa "bado kidogo".

Sylvie Droit-Volet, mtafiti wa Ufaransa ambaye kwa miaka mingi amechunguza namna watoto wanavyokadiria muda, ametusaidia kutokuvuka mpaka hapa. Kazi zake na watoto wa miaka mitatu, mitano na minane zinaonesha kwamba hata wadogo sana wanaweza kutofautisha sauti fupi na ndefu. Kinachowayumbisha ni umakini na kumbukumbu ya muda mfupi ambavyo bado vinakua, ndiyo maana makadirio yao hutawanyika kuliko ya mtu mzima. Kwa hiyo si kweli kwamba mtoto hana habari na muda. Anao, ila haujafungwa kwenye namba.

Kabla ya hapo Jean Piaget wa Uswisi alikuwa ameshalichimba suala hili, baada ya Albert Einstein kumuuliza huko Davos mwaka 1928 kuhusu namna watoto wanavyouelewa muda na mwendo. Katika majaribio aliyoyaandika mwaka 1946, vikaragosi viwili vinaanza kutembea pamoja na kusimama pamoja, ila kimoja kinakwenda kasi na kufika mbali. Watoto wadogo walisema kilichofika mbali ndicho kilichotumia muda mwingi. Umbali, wingi, matukio, vyote kwao vinaingia kwenye kapu moja na muda. Mwalimu wa darasa la kwanza anayemsikia mtoto akidai ametembea "muda mrefu kuliko" mwenzake kwa sababu nyumba yao iko mbali zaidi, ajue hoja hiyo ina historia ndefu.

Ni kwa nini basi mgeuko hutokea karibu na miaka saba? Jibu la wazi ni shule. Huo ndio umri ambao mtoto anaanza kuishi kwa kengele: kipindi kimeisha hata kama hadithi haijaisha, mapumziko yameisha hata kama mpira ndio umenoga. Anafundishwa kwamba kuna muda wa wote, usiojali yeye anafanya nini. Ni elimu ya lazima na siipingi. Huwezi kupanda basi, kufanya mtihani wala kumeza dozi ya dawa bila hiyo. Ninachopinga ni kumdai mtoto elimu hiyo kabla hajafundishwa, na hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini tunamdai katika mazingira magumu kuliko tunavyokiri.

Saa ya Tanzania imepangwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haugusi hata ardhi yetu. Uko mbali baharini na Somalia. Mbeya iko karibu na nyuzi 33 na nusu. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua letu limechelewa nyuma ya saa ya ukutani kwa kama dakika 46. Desemba hatulisikii sana hilo. Julai tunalisikia: jua la Mbeya linachomoza karibu na saa moja kamili ya asubuhi, katikati ya kipupwe, siku ambazo upande wa Kitulo na Makete nyasi huamka na barafu. Mtoto wa miaka sita anayetakiwa kuwa mstarini alfajiri hiyo ameamshwa gizani, amenawa maji yanayokata, ametembea gizani. Kipimo pekee anachokiamini, yaani jua, kinamwambia siku haijaanza. Saa ya mwalimu mkuu inamwambia amechelewa. Halafu anachapwa. Nimeshuhudia viboko vya namna hiyo kwa watoto wa awali na darasa la kwanza, na sioni wanachofundisha kuhusu muda zaidi ya kwamba muda ni kitu cha kuogopwa. Kuchelewa kwa mtoto wa umri huo ni kuchelewa kwa mtu mzima aliyemwamsha. Huyo ndiye wa kuitwa shuleni.

Kuhusu watu wazima kuona miaka inakimbia, wengi hupenda maelezo ya Mfaransa Paul Janet, aliyeandika mwaka 1877 kwamba mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka mitano ni sehemu ya tano ya uhai wake, na kwa mtu wa miaka 50 ni sehemu ya hamsini. Hesabu ni nzuri, lakini kwangu haieleweshi kitu. Ingekuwa kweli, hata saa moja ya mzee ingekimbia kuliko saa moja ya kijana, na sivyo watu wanavyosema. William James wa Marekani, mwaka 1890, aliona sababu iko kwenye mazoea: kila mwaka unageuza mapya kuwa ya kawaida, na siku zisizo na jipya hulainika hadi zikashikana. Mwaka 2005 Marc Wittmann na Sandra Lehnhoff waliwauliza watu 499 wa Ujerumani na Austria, wenye umri wa miaka 14 hadi 94. Kwa vipindi vifupi kama wiki au mwezi, umri ulibadili kidogo sana hisia ya kasi. Umri ulionekana zaidi walipoulizwa kuhusu miaka kumi iliyopita.

Mzee wa Mufindi anayepanda misindano leo anajua ataikata baada ya miaka 15 au zaidi, na anaizungumzia siku hiyo kama ya karibu. Mtu aliyezoea vipindi vya namna hiyo hawezi kuona miezi mitatu kuwa jambo la kujadili. Mjukuu anayemshikia miche ana miaka minne yote kwa jumla, na miwili ya mwanzo haikumbuki kabisa. Wanasimama kwenye shamba moja huku wakiishi ndani ya vipimo viwili, na mwenye kupanga safari, ada na kurudi kwa mama ni mmoja tu kati yao.

Turudi basi kwa mtoto aliyeachwa. Najua dakika moja ya katuni si miezi mitatu ya kijijini, na sitaki kuubebesha utafiti wa Budapest mzigo usio wake. Lakini unanipa msingi wa kusema jambo moja kwa ujasiri: mtoto wa umri huo akipewa matukio, anapata cha kushika. Na bibi zetu wa huku wanalijua hilo bila kusomea. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na unajipanga vizuri kwa macho ya mtoto. Mvua za kwanza zinakuja na kumbikumbi. Mahindi yanapandwa, yanafika magotini kwa mtoto, yanampita kichwa, yanatoa mbelewele, yanabeba. Kwenye Februari au Machi, kutegemea mwinuko, yanaliwa mabichi. Kisha yanakauka, yanavunwa, na baridi inaanza.

"Mama atakuja tukianza kula mahindi mabichi" ni ahadi ambayo mtoto wa miaka mitano anaweza kuikagua mwenyewe. Asubuhi anatoka nyuma ya nyumba, anaangalia, anarudi na taarifa: bado hayajatoa ndevu. Kusubiri kwake kumepata hatua. Hahitaji kumuuliza bibi kila jioni, na bibi hahitaji kubuni jibu.

Hapo ndipo ugumu unapoanza kwa mzazi, na nadhani ndiyo sababu ya kweli ya sisi kupenda kusema miezi. Ahadi ya miezi mitatu inampendelea anayeitoa. Ikifika miezi minne au mitano, mtoto hawezi kumshika. Anasikia tu kwenye simu "nakuja karibuni, mwanangu", na karibuni hiyo haina mwisho wake. Ahadi ya mahindi mabichi ina shahidi aliyesimama shambani. Mahindi yakiliwa na mama hajaja, mtoto atajua, na atajua siku hiyo hiyo. Mzazi asiye na uhakika wa ruhusa ya kazi au nauli asiitumie ahadi hiyo kupoza kilio cha stendi. Ni afadhali aseme, "Sijui nitakuja lini, lakini kila Jumapili mkitoka kanisani nitapiga simu ya bibi," kisha apige kweli. Jumapili mtoto anaijua: ana nguo yake, ana nyimbo zake.

Wapo watakaosema watoto husahau, kwamba baada ya wiki mbili mtoto anacheza na wenzake na jina la mama halitaji. Anacheza, ndiyo. Ila kucheza si dalili ya kusahau. Kijana wa Uyole naye aliacha kuuliza fuso lilipofika, na maswali yalianza upya dakika fuso lilipogeuka barabarani. Mtoto wa bibi akiwa na mvua ya kuchezea na ndama wa kuchunga atanyamaza mchana. Muulize bibi kuhusu usiku.

Kuna uamuzi mmoja wa serikali ambao naona ulikwenda sambamba na haya, hata kama sababu zilizotajwa zilikuwa nyingine. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Mjadala ulihusu malezi, maadili na usalama wa watoto, na yote hayo ni ya kweli. Mimi naongeza la muda. Muhula wa kwanza unaanza Januari na kuisha Juni, na likizo fupi katikati. Kwa mwenye shule ni muhula. Kwa mtoto wa miaka sita aliyelala kitanda cha juu bwenini, katika mji wenye baridi kama Iringa au Njombe, ni kipindi kisicho na alama yoyote ya kumwambia amefika wapi: kengele zile zile, uji ule ule, Jumamosi inayofanana na iliyopita. Mtu mzima angeuchungulia muda na kuuona mrefu, lakini angalau angejua zimebaki wiki ngapi. Mtoto huyu hana hata hilo. Mpaka wa darasa la nne unaangukia kwenye umri wa miaka tisa au kumi, ule ule ambao katika utafiti wa Budapest watoto walishaanza kupima kama wakubwa. Mzazi anayetafuta njia ya kuupenya mpaka huo kwa kumwita mtoto wa darasa la pili "mpangaji wa matroni", ili asihesabike kuwa wa bweni, alitafakari hilo.

Walio darasa la tano na kuendelea wameruhusiwa, lakini kuruhusiwa hakumaanishi wamekomaa. Katika kundi la katikati mgeuko ulikuwa bado haujakamilika. Shule za bweni za mkoa wetu zina siku za kutembelewa, na nyingi huzitangaza kwa ujumbe wa simu kwa wazazi huku watoto wakizisikia kwa tetesi. Tarehe hizo ziandikwe muhula unapoanza, zibandikwe bwenini mahali mtoto anapoweza kukata siku kwa kalamu, na zisisogezwe kwa sababu ya kikao cha bodi. Mzazi anayeona hataweza kufika amtume mjomba au shangazi, na mtoto aambiwe siku kadhaa kabla nani anakuja.